Kila Nyumba ya Tano

Ushirika wa wakulima wa mpunga wa Ziwani haukumchagua Maurine akasomee takwimu kwa sababu alikuwa hodari wa hesabu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na hesabu zake zilikuwa za maembe na vidole. Walimchagua kwa sababu walikuwa wamechoka kuulizwa maswali na wageni. Tangu mafuriko yale ya mwisho, kijiji kilikuwa kimehojiwa kuhusu vyandarua, kuhusu vyoo, kuhusu viboko wa mtoni, na kuhusu hisia za wanakijiji juu ya viboko. Magari yalikuja, vijana wenye tableti wakashuka, wakauliza, wakapewa chai, wakaenda zao, na majibu yakapotelea huko yalikokwenda. Siku moja mwenyekiti wa ushirika akasimama mkutanoni akasema, "Sisi tumeumbwa kuulizwa tu? Na sisi tupate wetu wa kuuliza."

Hivyo ndivyo Maurine alivyojikuta kila Jumamosi asubuhi akipanda pikipiki mpaka Tarasaa, na kutoka hapo gari mpaka Garsen, kwenda kusomea takwimu za biashara na utafiti wa jamii katika chumba chenye kompyuta nane na feni moja.

Mumewe, Ishmael, alifurahi kuliko yeye. Ishmael ndiye aliyekuwa na duka la Ziwani: duka la bati lililopakwa rangi ya buluu, lenye dirisha la wavu na kila kitu ambacho nyumba huhitaji, kuanzia unga na mafuta ya kupimwa hadi nyuzi za kushonea. Alikuwa mtu wa watu. Mteja hakuwahi kununua kitu kwake akaondoka hivi hivi kama mtu aliyenunua kwa ukuta.

"Mama Tuneya, dawa ya minyoo tena?" angesema kwa ile sauti yake ya kwaya. "Ni ya mdogo au ya mkubwa? Mkubwa nilidhani alishapona." Na watu wakiwa wamepanga foleni nyuma ya Tuneya, Ishmael angegeuka awaeleze hali ya tumbo la mtoto ili nao washiriki katika maombi.

Maurine alikuwa ameyasikia hayo miaka mingi hata hakuyasikia tena, kama vile jirani wa mashine ya kusaga asivyosikia mashine. Alichokiona ni kitu kingine: foleni zenyewe zilikuwa zimekwisha. Vumbi lilikuwa linakaa juu ya makopo. Kila asubuhi pikipiki zilipita mbele ya duka la buluu zikielekea Tarasaa, na jioni zikarudi na mifuko ya unga wa aina ile ile iliyokuwa imejaa kwenye rafu za Ishmael.

Mwalimu wao kule Garsen aliitwa Dabaso, Mworma mrefu mwembamba aliyekulia nyuma ya ng'ombe kabla hajaenda chuo kikuu. Mifano yake yote ilikuwa ya ng'ombe. Waliosoma kwake walisema hata ukimwuliza saa atakujibu kwa ng'ombe.

"Mtu akitaka kujua ng'ombe wa Tana wamekonda kiasi gani, atafanyaje?" aliuliza siku ya somo la sampuli.

"Atakwenda kuwatazama ng'ombe wa mjomba wake," akajibu Sadik, mmoja wa wanafunzi, bila kuinua kichwa.

"Na ndivyo watafiti wengi wanavyofanya," alisema Dabaso kwa huzuni. "Lakini ng'ombe wa mjomba wako wako karibu na maji. Sampuli ni haki. Kila ng'ombe apate nafasi sawa ya kuangaliwa, hata yule wa mbali, hata yule mwenye kupiga teke. Yule wa mateke hasa."

Kisha akawapa kazi ya kumalizia kozi: kila mmoja atafute swali la kweli la biashara au la jamii ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake, akalifanyie utafiti. Maurine hakuhitaji kufikiri. Aliandika: Kwa nini watu wa Ziwani hawanunui Ziwani?

Ishmael alipoambiwa, alikunja mikono kifuani kama mtu anayepigwa picha.

"Vizuri sana. Andika ni barabara. Pikipiki zimekuwa nyingi, watu wanapenda kupunga upepo."

"Baba Joy, siwezi kuandika jibu kabla sijauliza."

"Sasa utauliza nini na jibu lipo?"

Ziwani ina nyumba kama mia mbili. Maurine alizipa namba zote, akapiga kura ya kupata pa kuanzia, kisha akawa anaingia kila nyumba ya tano. Kitabu kilisema njia hiyo ni rahisi. Aliyeandika kitabu hicho hakuwa na mavyaa.

Mavyaa wake, Bi Dado, mama yake Ishmael, alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili na kutenga chai. Alimwona mkaza mwanawe akija na makaratasi, akamwona akimsalimia kwa heshima zote, kisha akamwona akipita na kwenda kubisha kwa Mzee Job, jirani.

Aliporudi, Bi Dado alikuwa bado amesimama pale pale.

"Umenipita."

"Sikukupita mimi, mama. Ni hesabu iliyokupita."

"Hiyo hesabu ndiyo iliyomzaa mwenye duka? Job anaulizwa habari za duka, Job ambaye sukari daktari amemkataza na chumvi amemkataza. Ananunua nini, hewa? Mimi niliyemzaa Ishmael ninapitwa kama mti."

Maurine alieleza habari za nafasi sawa na haki ya kila ng'ombe. Alipofika kwenye ng'ombe aliona uso wa mavyaa wake, akaacha.

Habari za nyumba ya tano zilienea upesi, na kupitwa kukawa aibu. Tuneya, ambaye nyumba yake ilikuwa ya nne, alihamia kwa wifi yake jirani kwa siku hiyo. Maurine alimkuta jikoni kwa watu, mwiko mkononi, anakoroga mchuzi.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Leo ni mimi," alisema Tuneya. "Uliza tu."

Na kuuliza kwenyewe kulikuwa kwepesi ajabu. Swali la kwanza la hojaji lilikuwa hili: kwa wiki moja, unanunua mara ngapi dukani kwa Ishmael? Tuneya alisema mara sita. Wifi yake, aliyekuwa amefukuzwa akakae uwanjani, akapaza sauti kutoka nje akasema mara sita. Mzee Job alikuwa amejibu kabla hata ya salamu kumalizika: "Sijambo mwanangu, mara sita." Hadi jua linakuchwa Maurine alikuwa amekwisha kuhoji nyumba arobaini, na mkono wake ulikuwa umezoea kuandika sita hata alipoandika tarehe aliandika sita.

Jumamosi aliingiza majibu kwenye kompyuta, akaacha kazi kwa mwalimu, akarudi nyumbani akiwa na wasiwasi ambao hakuweza kuutaja jina. Siku mbili tatu baadaye, wakiwa mezani yeye na mumewe wanakula wali na samaki, simu ikalia. Kipaza sauti cha sikioni kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo Maurine alizungumza na kila mtu kwa sauti ya nje.

"Maurine," ilisema sauti ya Mwalimu Dabaso ikajaza chumba, "nimeitazama kazi yako. Una shida. Huna mchepuko."

Ishmael aliacha kutafuna.

"Hata kidogo, mwalimu?"

"Hata kidogo. Na mimi nakwambia kwa uzoefu wangu, mtu wa kweli, mwenye maisha ya kweli, lazima awe na mchepuko. Ukinionyesha asiye nao najua kuna jambo limefichwa. Jumamosi njoo mapema, kabla ya wenzako, tuutafute pamoja."

Simu ilikatika. Ishmael alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Huyo mwalimu wenu," alisema, "ana mke?"

Maurine alimtazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika meza. Alipopata pumzi alimweleza kwamba mchepuko anaousema mwalimu ni wa takwimu, ni kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani.

"Chukua soda. Ukiuza kumi leo, kumi kesho, kumi kesho kutwa, huna mchepuko. Ukiuza mbili leo na kumi na nane kesho, wastani ni ule ule wa kumi, lakini mchepuko wako ni mkubwa."

"Leo nimeuza moja," alisema Ishmael.

"Na jana?"

"Moja."

"Basi na wewe huna."

Ishmael alisogeza sahani kando. Kisha akauliza, "Lakini Mama Joy, kama nyumba arobaini zinanunua kwangu mara sita kwa wiki, watu hao wanaingilia mlango gani? Mimi niko pale."

Maurine aliweka kijiko chini. Huo ndio uliokuwa wasiwasi wake, na mumewe alikuwa ameupa jina.

Kesho yake alikwenda kwa mavyaa. Alikwenda na ndizi mbivu, akakaa chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa, akauliza afya ya kuku mmoja mmoja kabla ya kufika kwenye jambo.

"Mama, ni nani aliyewaambia watu waseme mara sita?"

Bi Dado hakuona haya hata kidogo. "Mimi. Baada ya mazoezi ya kwaya tulikaa kikao, akina mama wote, na waume wakaambiwa nyumbani. Wale wa vyandarua tuliwaambia hatuna, tukapewa. Wale wa vyoo tuliwaambia tunavyo, tukapigwa picha. Kila anayekuja kuuliza ana jibu analolitaka, kazi yetu ni kulijua mapema. Wewe ni mtoto wetu, tungekuacha uanguke mtihani?"

"Lakini mbona sita?"

"Tuneya alitaka saba. Nikamwambia Jumapili duka hufungwa, watatushtukia."

Maurine hakujua acheke au alie. Kijiji kizima kilikuwa kimempenda mpaka kikamharibia kazi. Aliinama akamshukuru mavyaa wake, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kujibu wema wa aina hiyo, akarudi nyumbani akilihesabu kosa lake mwenyewe: nani angemwambia mke wa mwenye duka kwamba duka halinunuliwi?

Jumamosi alimweleza Dabaso yote. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Ng'ombe hawezi kukamuliwa na mtu anayemwogopa," alisema, "wala na mtu anayemwonea haya. Makosa mawili. La kwanza, muulizaji ni wewe. La pili, mjibu hana pa kujificha. Tafuta muulizaji mwingine, na umpe mjibu pa kujificha."

Muulizaji alipatikana palepale. Abdia, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alikuwa binti wa Kiorma wa pale pale Garsen, muuza maziwa, mwenye sauti ya chini na macho yasiyoshangaa. Alikubali kwenda Ziwani kwa sharti kwamba Maurine naye atamsaidia utafiti wake wa maziwa. Na mahali pa kujificha palipatikana kwenye sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili.

Kura ilipigwa upya ya pa kuanzia, na Maurine akakatazwa kutia mguu katika uwanja wowote. Alikaa nyumbani akichambua mchele ambao ulikuwa umechambuliwa tayari. Yaliyotokea aliyapata kwa Abdia jioni.

Abdia aliingia na kibuyu cha maziwa. Wakulima na wafugaji wa pande zile wamegombania maji na malisho kiasi cha kujuana vizuri, kwa hiyo katika nyumba ya kwanza aliulizwa ng'ombe wa kwao hunywa wapi kabla ya kuulizwa jina. Alijibu kwamba hunywa mbali sana, akamimina maziwa, na mambo yakatulia. Kisha akawaeleza utaratibu. Mjibu aingie ndani peke yake na sarafu, airushe. Ikitua simba, aseme ndiyo, awe amefanya au hajafanya. Ikitua ngao, aseme kweli. Swali lenyewe: umewahi kulipita duka la Ishmael kwenda kununua Tarasaa kitu ambacho kwa Ishmael kipo?

"Kwa hiyo ukisema ndiyo," alieleza Abdia, "mimi sitajua ni wewe uliyesema au ni simba."

Mzee Job, aliyehamia kwa watu ili asipitwe safari hii, alikuwa mzito kidogo kuelewa. "Mimi Ngao siendi," alisema. "Nimetoka hospitali ya Ngao juzi tu." Ilibidi aonyeshwe ngao ya kwenye sarafu, akaitazama kwa karibu, akaridhika.

Lakini wengine waliuelewa utaratibu ule kuliko walioutunga. Ilikuwa kama mtu amewafungulia mlango wa nyuma. Walirusha sarafu, wakatoka na nyuso nyeupe kama za watu waliobatizwa, wakasema ndiyo. Na Abdia alipouliza swali la pili, kwa nini watu hufanya hivyo, hakuna aliyesema "mimi." Wote walisema "simba."

"Simba anasema bei si mbaya na mizani ni ya haki," alisema mmoja. "Hana shida na duka."

"Simba anasema mwenye duka ana moyo mzuri, ila kinywa chake hakina mlango."

"Simba alinunua pale nepi za watu wazima kwa ajili ya baba yake mgonjwa. Hajafika nyumbani, kanisa zima lilikuwa limeshamwombea."

"Simba alinunua rangi ya nywele," alisema Tuneya, akitazama miguu yake.

Na safari hii kura ilimwangukia Bi Dado. Alirusha sarafu mara moja, akatoka, hata hakumpa Abdia nafasi ya kuuliza.

"Ndiyo. Simba anakwenda Tarasaa kila Jumatano. Simba ndiye aliyemzaa mwenye duka, mwanangu. Alipokuwa mdogo alichelewa kusema, simba akambeba mgongoni mpaka kwa mchungaji akaombewe afunguke ulimi. Simba hakujua kwamba maombi nayo yana kipimo."

Maurine na Abdia walikaa na majibu. Watu walikuwa arobaini. Kama sarafu ni ya haki, ishirini hivi walisema ndiyo kwa amri ya simba tu, hawahesabiki. Waliobaki ishirini ndio waliosema kweli. Lakini ndiyo zote pamoja zilikuwa thelathini na nane. Yaani katika wale ishirini wa kweli, kumi na wanane walilipita duka la buluu. Maurine alirudia hesabu akitumaini kupata kosa. Lilikuwa somo zuri kabisa la takwimu, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alimwambia Ishmael akiwa amefunga duka, wamekaa nyuma ya nyumba.

"Nani amesema?" aliuliza Ishmael.

"Simba."

"Simba gani?"

"Wa shilingi kumi."

Ishmael alichezea ufunguo wa duka. "Mimi nawauliza kwa sababu nawapenda," alisema. "Mtu akinunua dawa, nisimuulize nani mgonjwa? Nimwangalie tu kama mbuzi?"

Maurine alijua kwamba ilikuwa kweli. Ndiyo sababu alikubali kuolewa naye: alikuwa amekwenda kununua kiberiti, Ishmael akamuuliza mbona macho yake ni mekundu, na hakuna mtu mwingine siku ile aliyekuwa ameyaona. Alitaka kumshika mkono, lakini Ishmael alikuwa amekwisha kusimama.

"Sikubali neno la sarafu. Tujaribu. Wiki ijayo yote sitasema kitu. Karibu, bei, asante. Basi. Tuone kama watakuja."

"Hilo," alisema Maurine, na ualimu ukamwingia kabla hajauzuia, "linaitwa jaribio."

Jumatatu asubuhi Tuneya alikuja kununua chumvi. Ishmael alisema karibu, akataja bei, akasema asante. Tuneya alisubiri. Ishmael alitazama rafu. Tuneya akaichukua chumvi yake, akaenda hatua chache za kawaida, kisha akakimbia.

Kabla ya adhuhuri Ziwani yote ilijua kwamba Ishmael ni mgonjwa. Wengine walisema ameng'olewa jino na mshipa umekatwa. Wengine walisema ni Maurine, amerudi na elimu ya Garsen, amemwambia neno. Jumanne foleni ilizunguka duka. Kila mtu alitaka kumwona, na kwa kuwa si adabu kwenda kumtazama mtu mdomo bila sababu, kila mtu alinunua kitu. Sabuni iliisha. Sukari iliisha. Mzee Job alikuja na mizizi ya kuchemsha, akanunua viberiti ambavyo hakuwa na kazi navyo. Bi Dado alileta uji, akamnywesha mwanawe mbele ya wateja. Akina mama wa kwaya waliimba nje ya dirisha. Ijumaa mchungaji mwenyewe akaja, akaweka mkono juu ya kichwa cha Ishmael kupitia tundu la wavu, akaomba, akanunua biskuti.

Ishmael alivumilia yote hayo kama mtu anayepita kwenye miiba bila viatu. Jumamosi rafu zilikuwa tupu. Alikaa katikati yake kwenye gunia, na Maurine hakuwahi kumwona mfanyabiashara aliyeuza vizuri akiwa na huzuni kiasi kile.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Ulimi wangu ndio uliolifunga duka."

Maurine angeweza kunyamaza. Alikuwa na matokeo mazuri kuliko ya mwanafunzi yeyote: kimya kimeingia, mauzo yamepanda. Wenzake wangempigia makofi. Lakini alikuwa amekaa miezi chini ya feni moja akisikiliza habari za ng'ombe, na kitu kilikuwa kimemharibu.

"Hatujui," alisema. "Hawakuja kwa sababu umenyamaza, wamekuja kwa sababu wamekuonea huruma. Ungevunjika mguu wangekuja vilevile."

"Kwa hiyo sina hatia?"

"Sijasema hivyo. Nimesema hatujui."

"Umesoma muda wote huu ili ujue kwamba hujui?"

"Sasa najua kwa nini sijui," alisema Maurine. "Ni tofauti kubwa, Baba Joy." Ishmael hakuiona tofauti, lakini alikubali kuendelea mpaka watu wachoke kumwonea huruma.

Walichoka. Wiki iliyofuata alisema wazi kwamba haumwi, ila anajaribu kuwa na adabu, na mambo yakaanza kujichuja. Wako waliokuja asubuhi mapema, wakanunua walichonunua, wakamwangalia Ishmael akikifunga gazetini bila neno, wakaondoka kama watu waliotuliwa mizigo. Hao walirudi kesho yake. Na wako waliokuja mchana wakakasirika.

"Chumvi ninayo nyumbani," mmoja wao alimwambia Ishmael. "Nilikuja kusikia kama yule binti wa upande wa pili ameolewa. Sasa nitasikia wapi?"

Maurine aliwatazama kupitia mlango wa nyuma, na hapo ndipo jambo lilipomfungukia. Alikuwa amewatafuta watu wa Ziwani wa wastani, akataka kujua yule mtu wa wastani anapenda maneno kiasi gani, na mtu huyo hakuwepo. Walikuwepo watu wa aina mbili, na wastani ulikuwa umekaa katikati yao mahali ambapo hapana nyumba.

Ishmael alilitatua kwa msumari na mbao. Alitengeneza benchi refu akaliweka ubavuni mwa duka, mbali na dirisha. Dirishani ni karibu, bei, asante. Mwenye kutaka habari akae kwenye benchi, na Ishmael atakuja alasiri na habari za dunia nzima, isipokuwa zilizopitia dirishani. Benchi lilijaa hata ikabidi aongeze la pili.

Garsen, siku ya kuwasilisha kazi, Maurine alisimama mbele ya wenzake akasema yote: kila nyumba ya tano, mara sita, simba, uji wa mavyaa. Sadik alicheka mpaka akatolewa nje akanywe maji. Dabaso hakucheka.

"Hitimisho lako ni nini?" aliuliza.

"Kwamba nilipouliza vibaya nilipata jibu moja safi, na nilipouliza vizuri nilipata majibu mengi machafu. Na jaribio letu halithibitishi kitu, kwa sababu mgonjwa alionewa huruma."

Dabaso aliandika jambo kwenye karatasi yake, akalifunika kwa mkono. "Kaa chini," alisema. "Umepita. Ungeniletea mauzo yaliyopanda na kuishia hapo, ningekurudisha kwa ng'ombe."

Alirudi Ziwani jioni ile ile akiwa mwepesi. Alikuta Ishmael amekwisha kufungua dirisha la jioni, akaenda jikoni kupika. Akiwa anakuna nazi alisikia sauti ya mavyaa wake dukani. Ilikuwa ya chini, si ile ya kawaida. Aliacha kukuna. Alisikia Ishmael akisema karibu mama, akasikia kimya, kisha droo ikifunguliwa, kisha kimya kirefu zaidi. Kisha Ishmael akataja bei, na sauti yake ilitetemeka kidogo mwishoni. Asante. Na nyayo za Bi Dado zikaondoka haraka kuliko umri wake.

Ishmael aliingia jikoni, akashika kizingiti cha mlango kwa mikono miwili.

"Mama amekuja kununua," alisema Maurine.

"Mteja amekuja kununua."

"Amenunua nini?"

Ishmael alifungua mdomo. Maurine aliona neno likija, likafika kwenye meno, likasimama. Mumewe alivuta pumzi kupitia puani, akatikisa kichwa, akaonekana mkubwa kuliko alivyomzoea.

"Kitu," alisema. Kisha akarudi dukani, na Maurine akabaki na kifuu mkononi, akitamani mno kujua.